Jumamosi za Pasua

Kwa miezi minne sasa, kila Jumamosi asubuhi nimekuwa nikiwafundisha kompyuta vijana tisa wa Pasua, hapa Moshi, katika chumba tulichoazimwa chenye kompyuta tatu zilizokwisha kutumika na feni moja yenye kelele. Wengi wao walimaliza kidato cha nne, wakaishia kubeba mizigo soko la Mbuyuni au kuendesha bodaboda za watu kwa hesabu ya kila siku.

Nilidhani tatizo lingekuwa kibodi, kumbe lilikuwa nywila. Siku tulipoingia kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, ambako maombi ya kazi za serikali hutumwa kwa mtandao, tuligundua kwamba binti mmoja alikwisha kufunguliwa akaunti na kijana wa steshenari, kwa barua pepe aliyoibuni yule kijana na nywila ambayo hakuna aliyeikumbuka. Alilipa shilingi 5,000, akaondoka na karatasi iliyochapwa, akasubiri mwaka mzima majibu ambayo, hata kama yalitumwa, asingeweza kuyasoma. Simlaumu sana yule kijana, maana foleni ya wateja wake naijua.

Tulitumia saa mbili kumfungulia barua pepe yake mwenyewe. Nywila aliiandika pembeni mwa daftari la mama yake la hesabu za ndizi, nami siku hiyo nikaona niyaache masuala ya usalama. Jumamosi iliyopita alituma maombi kwa mkono wake, kisha akaniuliza kama anaweza kumleta na kaka yake.