Nilivyochomoka kwa yule mwimbaji wa Ijumaa

Mi ni fundi aluminiamu, nipo Dodoma tangu 2017, serikali imehamia huku kila mtu anajenga kwa hiyo hela ya madirisha ilikuwepo, na ndo iliyoniponza.

Kuna kiwanja kimoja cha starehe huku Area C bendi ilikuwa inapiga Ijumaa, na mwimbaji wao wa kike hamna aliyejua katokea wapi, mara Kondoa mara Tanga, akimaliza kuimba anapita mlango wa nyuma, bajaji, kapotea. Siku ya kwanza nikamtunza elfu tano akainama akaniambia sikioni "fundi, unaofuata ni wako". Nikajiuliza nani kamwambia mi fundi? Nilikuwa na silikoni imekaukia kwenye kucha, ila akili hiyo ilinijia baadae sana.

Miezi minne sikukosa Ijumaa. Advansi za wateja zote mbele ya jukwaa, zikiisha nakimbilia mikopo ya riba kubwa, ile kausha damu, mteja wa Ilazo akipiga simu nakata, nyumba yake haina hata dirisha moja na vumbi la huku mnalijua.

Sasa siku hiyo kuna jamaa wa mahindi katoka Kibaigwa, wimbo umeanza akasimama anasema huu wangu, mi nasema wangu, chupa ikapasuka. Nyuzi sita kiganjani. Na yule dada hakuruka hata neno, alisogea hatua mbili tu waya wa maiki usilowe bia.

Msidhani nilipona hapo hapo, Ijumaa iliyofuata nilienda na bandeji. Kilichonisaidia ni dada yangu, kila Ijumaa saa kumi na moja namkabidhi simu, namba ya siri alibadilisha yeye, nikilia njaa ananipakulia ugali na mlenda ila hela hanipi. Halafu nikachukua kazi Mpwapwa wiki tatu kwa bei ya hasara ilimradi nisiwepo mjini. Wateja nikawafuata mmoja mmoja, matusi niliyoyala hayaandikiki hapa, deni nimemaliza mwezi wa nane.

Juzi usiku boda anataka kunipitisha njia ile, besi inasikika kabisa, nikamwambia zungukia kwingine. "Kaka huko mbali, ongeza buku."

Nikaongeza.