Sinagogi ya Ostia, jirani na eapoti ya Roma

Jamani ukipata nafasi Roma usikimbilie Colosseum tu, panda treni pale Porta San Paolo shuka Ostia Antica. Ni mji wa bandari wa Warumi, unatembea weee mpaka karibu magofu yanaishia ndo unakutana na sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, zamani bahari ilikuwa hapo hapo jirani ila leo imesogea mbali. Walikuja kuigundua 1961 wakati wanachonga barabara ya kwenda eapoti ya Fiumicino, fikiria! Kuna nguzo ndefu za marumaru bado zimesimama na mawe yaliyochongwa ile taa ya matawi saba. Mimi lakini nilinasa kwenye chumba cha pembeni chenye tanuri la kuokea mikate, nguzo ni nzuri sawa, ila tanuri ndo linakuonyesha watu walikuwa wanaishi, wanapika, wanakula pamoja. Halafu kuna jiwe la jamaa anaitwa Mindius Faustus, kajenga na kutengeneza sanduku la Torati kwa mali yake, mstari wa kwanza Kilatini wa kumuombea Kaisari afya, unaofuata Kigiriki. Ujanja wa wahamiaji huo, unamuombea mkubwa kwanza kwa Kilatini chake 😄 Mkienda vaeni raba, yale mawe ya barabarani yanaua miguu