Mtihani wa Kemia Kando ya Meza ya Kifungua Kinywa

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kapsabet, Kenya, akiwa na barua mbili za vyuo vinavyomtaka akasome na kukimbia. Moja ilitoka chuo kikuu kikubwa cha serikali huku Marekani, chenye uwanja wa ndani wa mbio na viatu vya bure kila msimu, na ya pili ilitoka chuo kidogo cha Kikatoliki ambacho hakuna mtu kijijini aliyewahi kukisikia. Swali lake lilikuwa fupi: "Mjomba, hawa mapadre wanajua mbio?" Nilicheka, kwa sababu mwaka 2006 mama yangu, ambaye ni nyanya yake, aliniuliza swali la upande wa pili kabisa. Sisi ni watu wa AIC, kanisa la Kiprotestanti la Africa Inland Church, tangu enzi za babu, na mama alitaka kujua kama hao mapadre wangenirudisha nikiwa na rozari shingoni.

Kuhusu mbio, nilimwambia aangalie tu huko huko kwao. Bruda Colm O'Connell, Mwairishi wa shirika la mabruda wa Kikatoliki la Patrician, alifika Shule ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976 akiwa mwalimu wa jiografia asiye na mafunzo yoyote ya ukocha, na wanafunzi waliopita mikononi mwake wamejaa katika vitabu vya rekodi. Mmoja wao, Peter Rono, alikuja kusoma Mount St. Mary's, chuo cha Kikatoliki kilichoanzishwa na Padre John DuBois mwaka 1808 katika mji mdogo wa Emmitsburg, Maryland, na mwaka 1988 akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mjini Seoul akiwa na umri wa miaka 21. Kila nikipita barabara namba 15 kuelekea Gettysburg huiona sanamu ya dhahabu ya Bikira Maria juu ya mnara ule wa mlimani, nami humkumbuka Rono kabla sijakumbuka jambo lolote la dini. Baadaye Leonard Korir alipitia Iona, chuo cha mabruda katika jimbo la New York, akashinda ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mwaka 2011, kisha akaingia jeshi la Marekani na kuikimbilia nchi hiyo katika Olimpiki za Rio na Paris.

Mimi sikufika huko. Nilikuwa mkimbiaji wa kuruka viunzi na maji, wa nne au wa tano katika timu yetu, na leo ninafanya kazi katika maabara ya hospitali. Chuo changu sitakitaja, kwa sababu nina sifa za kukipa na nina lawama pia.

Matangazo ya vyuo hivi hurudia maneno yale yale kuhusu kumlea mwanamichezo akili, mwili na roho, na nilipoyasoma mara ya kwanza niliyachukulia kama maneno ya kupamba karatasi. Nilikuja kuyaelewa siku moja ya Ijumaa, hotelini, saa nne asubuhi, katika mwaka wangu wa pili. Mashindano yalikuwa Jumamosi na mtihani wangu wa kemia uliangukia Ijumaa hiyo hiyo, hivyo mhadhiri alikuwa ameufunga ndani ya bahasha na kumkabidhi kocha msaidizi. Kocha huyo aliniketisha kwenye meza ya pembeni katika chumba cha kifungua kinywa, akaitia simu yangu mfukoni mwake, akaandika saa ya kuanza juu ya bahasha, kisha akakaa mbele yangu akiwa na kikombe cha kahawa. Mashine ya kuokea keki za waffle ililia kila baada ya dakika mbili. Mwenzetu mmoja wa kutupa tufe, mtu wa kilo zaidi ya mia moja, alikula nafaka zake kwa kijiko cha plastiki polepole mno ili asinisumbue, na hadi leo sijaona heshima ya namna hiyo. Muda ulipokwisha, kocha alifunga bahasha na kutia sahihi juu ya mkunjo. Nilipata C, na mhadhiri hakuniongezea hata nusu alama kwa sababu ya safari.

Utaratibu ule wa bahasha ulisukumwa na sheria. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kinazuia mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na lazima siku moja iwe ya mapumziko. Mwanafunzi wa Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya mashindano ya NCAA, anatakiwa awe amekamilisha asilimia 40 ya masomo ya shahada yake mwisho wa mwaka wa pili, 60 mwisho wa wa tatu na 80 mwisho wa wa nne, la sivyo hakimbii. Sheria hizo zinavibana vyuo vyote vya daraja hilo, vya mapadre na visivyo vya mapadre. Chuo chetu kiliongeza ya kwake: kila mwanafunzi, awe wa kemia au wa biashara, alilazimika kusoma falsafa na teolojia. Padre aliyetufundisha falsafa alikuwa na mazoea ya kuuliza, "Wewe unaonaje?" Mimi, mtoto wa 8-4-4, mfumo wa shule wa Kenya, nilimjibu kwa yale yaliyoandikwa kitabuni. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimeuliza wewe." Tulikwenda hivyo karibu mwezi mzima, na nilimchukia kwa dhati. Lakini leo daktari akinipigia simu saa nane usiku akitaka nikubali kwamba matokeo ya damu si sahihi, huwa ninajua namna ya kusimama kwenye neno langu.

Kuhusu hofu ya mama, Misa haikuwa ya lazima kwa mwanamichezo yeyote. Tulikuwa na Msomali kutoka Minneapolis katika timu, na mwezi wa Ramadhani jiko la chuo lilimfungia daku kwenye sanduku kila jioni. Nami nilirudi nyumbani nikiwa AIC yule yule, ingawa ninaijua Salamu Maria kwa Kiingereza.

Lawama yangu ni ya Krismasi ya kwanza. Mabweni yalibaki wazi kwetu wanariadha wa kigeni, lakini bwalo la chakula lilifungwa kwa majuma matatu na hakuna aliyekumbuka kutuuliza tungekula wapi. Tulikuwa watano. Tulitembea kwenye theluji hadi duka la Wameksiko kununua unga wa mahindi, tukasonga ugali kwenye jiko la umeme ambalo kanuni za bweni zililipiga marufuku, huku bango la "mwili, akili na roho" likitutazama kutoka ukutani.

Kisha kuna pesa, na hapa ndipo nilipomtaka mpwa wangu achukue kalamu. Siku zangu ufadhili wa riadha ulifanywa upya kila mwaka, na nilipopata ufa kwenye mfupa wa muundi katika mwaka wa tatu, kocha angeweza kunikata kihalali. Hakunikata. Rafiki yangu katika chuo kingine alikatwa. Tangu mwaka 2012 vyuo vinaruhusiwa kutoa mkataba wa miaka kadhaa, kwa hiyo aulize wake ni wa miaka mingapi. Tena, tangu uamuzi wa mahakama wa Juni 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, lakini mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, asihesabu fedha hizo kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji. Vyuo vidogo vya Kikatoliki vimeanza kuhema katika mashindano hayo ya pesa: Saint Francis cha Pennsylvania, chuo cha Wafransisko, kilitangaza Machi 2025 kwamba kinatoka Daraja la Kwanza na kwenda la Tatu, ambako ufadhili wa riadha haupo kabisa. Mlango uliowapitisha watu wa kwetu unazidi kuwa mwembamba.

Nilizungumza hivyo karibu saa nzima, nikikitetea chuo kidogo, hadi kijana alipopata nafasi ya kusema kwamba anataka kusomea uhandisi wa majengo. Sikuwa nimemuuliza. Tukafungua orodha ya masomo ya chuo kile cha mapadre, naye akaisoma kwa sauti mstari kwa mstari, na uhandisi haukuwamo. Nimemwambia kwamba Marquette na Gonzaga, vyote vya Wajesuiti, vinafundisha uhandisi huo na vina timu za mbio za nyika. Sasa anataka kujua kuhusu baridi ya Milwaukee, mji wa Marquette, na nimemwambia ukweli.