Kiwanja Hiki Hakiuzwi: Siku Moja ya Mchora Kuta wa Malindi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Mwezi wa tano, kusi imeshika. Anayepuliza rangi ya kopo Malindi hapangi siku yake kwa saa, huipanga kwa upepo. Alfajiri hii umetulia. Ikifika saa nne utakuwa unavuma kutoka baharini, na ukibonyeza kopo, nusu ya rangi itaishia kwenye shati lako na nusu kwenye nguo za jirani alizoanika. Ndiyo maana kazi ya kopo naimaliza mapema, ya brashi naiacha mchana. Nikitoka msikitini namkuta kijana ninayemfundisha kazi keshafungua stoo, anakoroga rangi kwa kijiti. Hasemi kitu kabla ya chai, na mimi nampendea hilo.

Saa kumi na mbili na nusu

Kazi ya kwanza iko nyuma ya Kisumu Ndogo. Ukuta mrefu wa mawe ya matumbawe, ndani hamna kitu ila minazi na kisima. Mwenyewe ni mama wa makamo, kaja na kigoda chake kabisa ili asimamie.

"Mama, niandike tu 'Kiwanja hiki hakiuzwi', au tuongeze 'jihadhari na matapeli'?"

"Ongeza, mwanangu. Na 'kwa amri ya mwenyewe'."

"Na nambari ya simu?"

"Simu ya nini? Kama hakiuzwi, mtu anipigie aniambie nini?"

Sikuwa na jibu. Tukaanza kukwangua.

Ukuta wa karibu na bahari hutoa chumvi. Ukipaka rangi juu ya ule ungaunga mweupe, baada ya mvua moja inabanduka yote. Kwa hiyo kwanza brashi ya waya, kisha maji, kisha usubiri ukauke, kisha praima. Mteja huona kama unampotezea siku. Halafu kuna nyekundu: kila mtu anataka onyo lake liwe jekundu, na nyekundu ya kawaida ndiyo inayowahi kupauka juani. Mimi natanguliza oksaidi, ile mafundi wa mageti hupaka chuma kisishike kutu. Ajabu yake ni kwamba wekundu wenyewe umetokana na kutu, basi jua haliipati. Hata ya juu ikipauka, herufi hubaki zinasomeka.

Nilipoanza kuandika mabango, maneno yaliyonilisha yalikuwa ya Kitaliano. *Gelateria*, duka la aiskrimu; *farmacia*, duka la dawa; *affittasi*, inakodishwa. Nilijua kuyaandika kabla ya kujua maana yake. Waitaliano hapa si wageni wa jana: kule Ngomeni walijenga kituo cha San Marco, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimama majini. Hoteli na majumba ya kifahari yakafuata. Sasa neno linalonipatia unga ni "hakiuzwi", pamoja na ndugu zake "haiuzwi" na "halikodishwi". Pwani hii watu wengi wamekalia ardhi vizazi na vizazi bila hatimiliki, na bei ikipanda hutokea mwenye karatasi ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Anayeogopa hukimbilia kwa wakili; asiye na pesa ya wakili huja kwangu. Kuna na ile X nyekundu ya kubomoa majengo yaliyoingia barabarani. Hiyo hainipi hata shilingi, wabomoaji wanakuja na kopo lao wenyewe, na mwandiko ni mbaya.

Saa tatu

Chai, mahamri na mbaazi za nazi. Kibandani wamejaa madereva wa tuktuk. Zamani hapa ndipo nilipopatia kazi: mmoja anataka methali nyuma ya tuktuk yake, mwingine jina la mwanawe. Siku hizi wanakata stika kwa mashine, inabandikwa kwa nusu saa. Mmoja kanionyesha ya kwake, "Subira yavuta heri", herufi zimekaa sawa kabisa na hazina uhai hata kidogo. Nimemwambia imependeza. Ni rafiki yangu.

Kazi ya kopo nilijifunza Nairobi, kwenye gereji za matatu. Mwalimu wangu alikuwa akihesabu maisha yake kwa sheria za barabarani: kabla ya 2004 na baada ya 2004. Mwaka huo kanuni za Waziri John Michuki zilizitaka matatu zivae mstari wa manjano, na michoro ikapigwa vita. Kisha mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wapambe magari, na rangi zikarudi barabarani. Katikati ya miaka hiyo kuta za Nairobi nazo zilikuwa zimeanza kusema. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mchoraji Solo 7 alizunguka Kibera akiandika wito wa amani kwenye kuta na milango. Mwaka 2012 mwanaharakati Boniface Mwangi na wenzake wakawachora wanasiasa kama tai wala mizoga katikati ya jiji. Wachoraji Bankslave na Swift9 wakaonyesha kwamba sura ya mtu inaweza kujaa ukuta mzima na bado ukamtambua.

Kijana wangu huniuliza kwa nini na sisi tusifanye kama wale wa tai. Namwambia Nairobi unaweza kuchora usiku ukapotea. Hapa kabla rangi haijakauka, mjomba wa mwenye ukuta keshampigia simu mama yako.

Saa nne na nusu

Hoteli. Watu hudhani mchoraji wa Malindi hushiba wageni wakijaa. Kinyume chake: mwezi wa tano na wa sita hoteli nyingi zimefungwa, na hapo ndipo zinapopakwa upya. Ukuta wa leo uko kando ya bwawa la kuogelea lisilo na maji. Meneja amenitumia picha kwa WhatsApp: bahari ya buluu iliyokolea, na nyota ya bahari inayocheka. Nainua macho kuitazama bahari yenyewe, hatua chache kutoka ngazi yangu. Mto Sabaki umefura kwa mvua za bara, umemwaga udongo wake wote ghubani, na maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa mpaka upeo wa macho.

Sikumwambia tuchore hiyo, sina wazimu. Nilichopigania ni samaki. Malindi ina hifadhi ya bahari tangu 1968, mna pono, mna kitatange, mna kasa, halafu tuweke nyota yenye meno? Tumekubaliana: pono watatu, kitatange mmoja, kasa mkubwa, na nyota imebaki ila imefunga mdomo. Kuhusu salio la kazi ya msimu uliopita, ameniambia mhasibu yuko likizo. Mhasibu huyo ana likizo ndefu.

Saa saba

Sala, wali, kivuli. Mchana huu ukuta unaoelekea jua ukiupaka, rangi inakauka juu ndani bado mbichi, kesho yake imetoka malengelenge. Kijana kalala chini ya mwembe.

Saa kumi

Mji wa kale, si mbali na Msikiti wa Juma na makaburi yake ya nguzo. Hii ndiyo kazi niliyoingoja tangu asubuhi, na ndiyo yenye malipo madogo kuliko zote. Ukuta huu ulikuwa wa wanasiasa. Kila uchaguzi hubandikwa mabango kwa uji wa unga wa ngano, bango juu ya bango, mpaka yanakuwa mazito kama godoro na panya wanakula unga. Safari hii wazee wa baraza wameamua kabla ya 2027 kufika ukuta uwe na picha, maana hata mbandika mabango huona haya kufunika kitu kizuri. Vijana wa mtaa wamechanga pesa za rangi.

Sharti lilikuwa moja. "Sura za watu hapana, mwanangu. Hapa watu wanapita kwenda kusali." Basi nikapendekeza mtepe, chombo cha kale cha visiwa vya Lamu, mbao zake zikishonwa kwa kamba za nazi. Si jambo geni. Kwenye magofu ya Gede kuna Nyumba ya Jahazi, imeitwa hivyo kwa sababu ya chombo kilichochanjwa kwenye lipu ya ukuta, na mabaharia wa Kireno nao walichora merikebu zao kwenye kuta za Fort Jesus, Mombasa. Tangu mwaka 2024 Gede imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kijana wangu kacheka: "Kwa hiyo ukichora ukutani bila ruhusa, ukingoja miaka mia kadhaa wanakulinda?" Sikumtia moyo.

Alichora tanga la pembetatu. Mzee mmoja, baharia mstaafu, akainuka na bakora yake mpaka ukutani. "Hilo ni la jahazi. La mtepe lilikuwa la mraba, la mkeka." Tukafuta. Akabaki papo hapo kuonyesha kamba zinavyopishana, na nilipogeuka nikakuta baraza zima limehamia nyuma yetu.

Ndipo ukazuka ugomvi. Mtepe una macho. Vyombo vya Lamu mpaka leo vina macho kwenye omo, yaani mbele ya chombo, huku na huku.

"Jicho ni sehemu ya sura," alisema mzee mmoja wa baraza.

"Shekhe, sura ya nani? Mbao ina sura?"

"Wewe ukiweka jicho, mtoto atakuja aweke pua."

Mwingine akasema jicho la chombo si jicho, ni duara tu, na ndani huwekwa nyota na mwezi mwandamo. Mwingine akamuuliza, kama ni duara tu, mbona linaitwa jicho? Kahawa ikaletwa. Mzee wa bakora akaapa kuwa chombo kisicho na macho hakikuwa kikitoka Lamu, na asiyeamini aende Lamu akaangalie.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Kuadhiniwa kumewatawanya kabla hawajaafikiana. Tanga limekamilika, kamba zimekamilika, omo ina duara jeupe tupu. Nimewaambia wanipe uamuzi kabla ya Ijumaa, maana kopo la rangi ya mafuta nimeshalifungua na hela ya kununua jingine hawajachanga.