Shahada ya hoteli na shamba la minazi la Pangani

Mwezi uliopita kaka yangu alinipigia simu kutoka Tanga, akataka kujua kama auze shamba la minazi la Pangani ili bintiye akasome shahada ya usimamizi wa hoteli. Binti amemaliza kidato cha sita na amechaguliwa na chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, lakini mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hata akiupata, hautarajiwi kutosha. Kwa kuwa nimefanya kazi za hoteli kwa miaka 15, kwanza Zanzibar na sasa Arusha, aliona mimi ndiye wa kuulizwa. Sikumjibu siku ile. Nilikaa na karatasi na kalamu, na haya ndiyo niliyoyaandika, nikiyapanga upya kidogo kwa ajili ya wazazi wengine walio katika hali yake.

Kinachowatisha wazazi ni ada, ingawa ada si mzigo mkubwa kuliko yote. Kwa hesabu za kaka mwenyewe, ada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka, yaani 4,500,000 kwa miaka mitatu, ilhali chumba, chakula na nauli za Dar es Salaam, tukikadiria shilingi 250,000 kwa mwezi kwa miezi 10 ya kila mwaka, vinafika 7,500,000. Hapo tumeshatimiza milioni 12 kabla ya kununua viatu vyeusi, mashati meupe na sare ya jikoni, na kabla ya mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi. Fildi mara nyingi hufanyika mkoa mwingine, bila mshahara, na mwanafunzi hujitafutia pa kulala. Mimi nilifanya yangu katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kwa wiki sita nilikunja vitambaa vya mezani na kung'arisha glasi, kisha nikapewa barua inayosema nimejifunza idara zote. Sikujifunza idara zote, na chuo hakikuuliza.

Ndiyo maana nilimwambia kaka kwamba kabla ya kulipa chochote aulize kama chuo kina jiko, mgahawa na vyumba vyake ambamo wanafunzi huhudumia wageni wanaolipa kweli. Kazi hii imefundishwa hivyo tangu zamani. Shule ya hoteli ya Lausanne nchini Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1893, ilijenga jina kwa kuchanganya darasa na kazi, na Kenya Utalii College ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi, ina hoteli yake ya mafunzo. Shahada iliyosomwa kwa slaidi peke yake ni bidhaa nyingine kabisa, hata kama jina lililoandikwa kwenye cheti ni lile lile.

Sasa faida. Mlangoni, shahada haina nguvu ambayo watu wa nje wanaidhania. Nimewapokea vijana wengi katika siku yao ya kwanza kazini, na mwenye astashahada ya mwaka mmoja, mwenye stashahada na mwenye shahada wote walianzia mapokezi, vyumbani au mgahawani, kwa mishahara iliyopishana kidogo sana. Tofauti ni kwamba yule wa astashahada alikuwa ameanza kupokea mshahara na bakshishi miaka miwili mapema, na anajua kutandika vyumba 14 kabla ya saa nane mchana. Pale Kiwengwa, Unguja, ambako wageni wengi ni Waitaliano, nimeona kijana aliyejifunza Kiitaliano ufukweni akipewa nafasi ya mapokezi mbele ya mwenye shahada, na kusema kweli meneja hakukosea.

Mkopo nao una hesabu yake. Tuchukue mshahara wa shilingi 600,000, ambao kwa anayeanza huku Bara ni mshahara wa kushukuru. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 60,000; kodi ya mapato ni kama 24,000; na Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani 90,000. Mkononi zinabaki 426,000. Hizo 90,000 zitaendelea kukatwa miaka na miaka, katika kazi ambayo masika ya Aprili na Mei hufunga hoteli nyingi na kuwapeleka wafanyakazi nyumbani kwa likizo isiyo na malipo.

Hata hivyo sitaki kuibeza shahada, kwa sababu yangu imenilipa, ila ililipa kwa kuchelewa na mahali nisipopatarajia. Nilianza na astashahada, nikafanya kazi ya vyumba, nikahamia mapokezi, na shahada niliisoma baadaye, nikiwa kazini, nikipata usingizi wa saa nne tu kila usiku. Siku niliyoshindania nafasi ya meneja msaidizi, niliulizwa swali hili: hoteli ina vyumba 80; je, ni heri kuuza vyumba 40 kwa shilingi 200,000 au vyumba 60 kwa 150,000? Wenzangu wawili, ambao kwa huduma kwa mgeni walinizidi, walijibu 60, kwa kuwa milioni 9 ni kubwa kuliko milioni 8. Mimi niliuliza kila chumba chenye mgeni kinagharimu kiasi gani kwa dobi, umeme, maji na kiamshakinywa. Niliambiwa 40,000. Basi vyumba 40 vinabakiza 6,400,000 na vyumba 60 vinabakiza 6,600,000. Tofauti iliyoonekana kuwa milioni nzima imekuwa laki mbili, huku hoteli ikichakaa kwa wageni 20 zaidi. Nafasi nikaipata. Kufikiri kwa namna ile sikukufundishwa na vyumba nilivyotandika, bali somo la hesabu za gharama ambalo nilikuwa karibu kulifeli.

Kwa hiyo shahada hulipa kwenye ngazi ya pili au ya tatu, pale bajeti inapoanza kuwekwa mezani, na ngazi hizo zina viti vichache. Hoteli yetu ina wakuu wa idara saba na meneja mkuu mmoja, dhidi ya wafanyakazi karibu 90. Mzazi anayeuza shamba akitazama kile kiti kimoja ni vyema azijue pia hesabu za viti.

Tena kuna mwaka 2020. Wageni wa kimataifa waliokuja Tanzania walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, wakashuka hadi laki 6 na ushei mwaka uliofuata. Mshahara wangu ulikatwa nusu, kisha ukakoma kabisa. Miezi saba nilishika hesabu za duka la jumla la saruji, na aliyeniajiri hakujali kama najua kupanga uma na visu. Alitazama kwamba nina shahada yenye masomo ya uhasibu na kwamba nimezoea kuongea na wateja wenye hasira. Wenzangu wenye ujuzi wa mikono tu, na ambao ni mabingwa wa ujuzi huo, walirudi vijijini. Faida hii ya shahada ya hoteli, kwamba nje ya hoteli inakubalika kirahisi kuliko cheti cha ufundi, sijaiona ikitajwa katika vipeperushi vya vyuo.

Nilimwandikia kaka kwamba shamba asiliuze. Binti asome astashahada mwaka mmoja, afanye kazi miaka miwili, kisha aitafute shahada akiwa na mshahara wake na akijua anataka idara gani. Mkopo ukifunika ada yote, na chuo kikiwa na hoteli yake ya mafunzo, basi aende moja kwa moja, nami nitachangia chumba. Pamoja na barua hiyo nilimpelekea binti lile swali la vyumba 40 na 60, pamoja na jibu langu.

Alinipigia jioni ile ile. "Shikamoo shangazi. Hao wageni 20 wa ziada wamekuja wenyewe, au wameletwa na wakala?" Nilikaa kimya. Alikuwa amesoma mahali kwamba wakala wa mtandaoni huweza kudai asilimia 15, na alikuwa ameshapiga hesabu: 22,500 kwa kila chumba, mara 20, ni 450,000. Milioni 6.6 inashuka hadi 6,150,000, na vyumba 40 vinashinda. Siku ya usaili wangu hakuna aliyeliuliza hilo, mimi nikiwemo.

Nimemwomba kaka tusubiri kidogo kabla binti hajathibitisha chuo. Jumatatu anakuja Arusha kukaa nami wiki tatu. Gari la wafanyakazi linapita kwangu saa kumi na moja alfajiri, na meneja wa vyumba amekubali kumpokea.