Siku Wakulima wa Miwa Walipolipwa Kiboko

Nyumba ya nyanya yetu mzaa mama, upande wa Maragoli katika kaunti ya Vihiga, ilikuwa ya udongo, na kuta zake za ndani zilifunikwa kwa magazeti kutoka sakafuni hadi darini. Kila Desemba, kabla ya wageni wa Krismasi kufika, nyanya alitukorogea uji mzito wa unga wa ngano katika sufuria kuukuu, nasi wajukuu tukabandika karatasi mpya juu ya zile zilizokwisha kugeuka rangi kwa moshi. Magazeti hayo aliyapata katika soko la Luanda, alikouza ndizi, kutoka kwa wachuuzi walioyatumia kufungia bidhaa. Mimi nilijifunzia kusoma kwenye kuta hizo, na hata leo, nikiwa mkazi wa Kisumu anayepita kila asubuhi mbele ya wauza magazeti, siwezi kukipita kichwa cha habari bila kukifanyia mchezo tuliofundishwa pale.

Mchezo ulianza kwa sababu ya gundi. Mwaka mmoja tulibandika karatasi yenye maneno WAKULIMA WA MIWA KULIPWA, kisha tukaufunika mwisho wake kwa karatasi nyingine iliyoanza na KIBOKO, nadhani ilikuwa habari ya mnyama aliyevamia mashamba ya ufuoni. Ukisimama mlangoni ulisoma mstari mmoja ulionyooka: WAKULIMA WA MIWA KULIPWA KIBOKO. Binamu yangu alidhani ni ule mjeledi wa ngozi, akasikitika. Nyanya, aliyekuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, alisema kwamba herufi kubwa namna ile haziwezi kuwa za mjeledi. Zilikuwa za mnyama mzima. Kisha akaweka sharti ambalo halikubadilika kamwe: habari ikishaandikwa, ifuatwe mpaka jikoni.

Tukaifuata. Mjomba wetu alikuwa na ekari mbili za miwa na alikuwa amengoja malipo ya kiwanda kwa msimu mzima, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukabidhiwa kiboko wake. Swali la kwanza lilikuwa namna ya kumfikisha nyumbani, kwa kuwa kiboko aliyekomaa hupita kilo elfu moja na hakuna makanga atakayekubali kumweka juu ya keria. Swali la pili lilikuwa malisho. Kiboko hula nyasi karibu kilo arobaini kwa usiku mmoja, na anayeyajua mashamba ya Maragoli, yalivyogawanywa baina ya ndugu hadi mipaka ikakaribia kugusa milango, anajua kwamba napia yote ya kijiji ingekwisha kabla ya Jumapili. Kisha ikaja karo. Mjomba angemswaga kiboko hadi shuleni, naye mhasibu, baada ya kumpima na kumwandika kitabuni, angetakiwa kumrudishia salio. Tulibishana juu ya salio hilo usiku kucha. Je, ni mbuzi wanane, au ni ndama wa kiboko? Mjomba mwenyewe alicheka mpaka akalazimika kutoka nje, na alipokuwa akirudi alisema kwamba kiboko anayefika ni bora kuliko hundi isiyofika.

Sijapata kusahau kicheko kile, na ndicho kilichonifanya nianze kutafuta vichwa vya habari vya zamani, hasa vile vilivyokosea, ili nimpelekee nyanya kila nilipokwenda kumwona. Aliyapenda makosa ya magazeti makubwa kuliko yote. Nilipomweleza kwamba tarehe 9 Oktoba 1903 gazeti la New York Times lilichapisha tahariri kuhusu mashine za kuruka zisizoruka, na kukadiria kwamba binadamu angehitaji kati ya miaka milioni moja na milioni kumi ili kuunda inayoruka, alitaka kujua kwanza ni lini basi iliruka. Nikamwambia kwamba ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, waliruka tarehe 17 Desemba mwaka huohuo, siku 69 baadaye. Nyanya aliwahurumia wahariri, kisha akaamua kuwapa haki yao: iwe walisema kweli. Basi ndege ya kwanza ingengoja hadi mwaka wa 1001903. Zile ndege za Imperial Airways, shirika la Uingereza, zilizokuwa zikitua juu ya maji ya ziwa hapa Kisumu katika miaka ya 1930 zingebaki kuwa mashua zenye mabawa, na wavuvi wangezitumia kuanikia omena. Mama mdogo, ambaye husafiri kwa ndege kutoka Kisumu hadi Nairobi, angekuwa bado ameketi kwenye benchi akiwa na mkungu wa ndizi mbichi miguuni, na nyanya alihesabu kwa dhati ni mara ngapi ingebidi mkungu huo ubadilishwe.

Habari ya Rais Truman wa Marekani haikutuchukua muda mrefu, ingawa ndiyo inayojulikana zaidi. Mwaka wa 1948 wapanga chapa wa Chicago Daily Tribune walikuwa wamegoma, gazeti likalazimika kwenda mtamboni mapema kuliko kawaida, likatangaza kwamba mpinzani wake, Dewey, amemshinda Truman ilhali kura zilikuwa zingali zikihesabiwa. Truman, aliyelala usingizi wake usiku ule wa uchaguzi, aliamka akiwa mshindi, na siku iliyofuata akapigwa picha katika stesheni ya St. Louis akiliinua gazeti hilo huku anatabasamu. Nyanya aliuliza swali moja tu: aliyenunua nakala ile na kufungia nyama, je, familia yake ilikula chini ya rais yupi? Tulikubaliana kwamba kila nyumba iliyofungia nyama ndani ya gazeti lile ingekuwa ya Dewey mpaka nyama iishe.

Tuliyoipenda zaidi ilikuwa ya mwezini. Mnamo Agosti 1835 gazeti la The Sun la New York, lililouzwa senti moja, lilitoa mfululizo wa makala yaliyodai kwamba mwanaastronomia John Herschel, ambaye kwa kweli alikuwa Afrika Kusini wakati huo akichunguza nyota, ameona mwezini watu wenye mabawa ya popo, na pia biva, wale wanyama wa majini wenye mkia bapa, wakitembea kwa miguu miwili na kuishi katika vibanda vilivyofuka moshi. Nyanya alishika neno hilo, vibanda. Alizaliwa wakati wa ukoloni, serikali ilipotoza kodi kwa kila nyumba, na aliwasikia wazazi wake wakieleza jinsi watu walivyobanana katika nyumba chache ili wapunguze kodi. Kwa hiyo biva wa mwezini wangetumiwa karani mara moja, akiwa na daftari na kofia, na hao biva, kwa kuwa wana akili ya kuwasha moto, wangehamia wote katika kibanda kimoja kabla hajafika. Wale wenye mabawa wangeruka tu.

Nilisita kumpelekea moja. Tarehe 15 Aprili 1912, The Evening Sun la New York liliandika kwamba abiria wote wa meli ya Titanic wameokolewa, kumbe watu takriban 1,500 walikuwa wamekufa. Nilidhani hii haifai kuchezewa. Nyanya alinyamaza kwa muda, akaweka ungo chini, akasema kwamba hiyo ndiyo inayostahili kufuatwa mpaka jikoni kuliko zote.

Akaanza kuwashusha. Alimshusha mama mwenye watoto watano, mmoja wao akilia kwa sababu ya kiatu chake cha kushoto, akamshusha mpishi aliyelalamika kwamba sufuria zake zote zimelowa, akamshusha mzee aliyekataa msaada kwenye ngazi, na bwana arusi aliyekuwa bado anatafuta kofia. Kila mmoja alipewa chai na viazi vitamu. Tulipowafikia mafundi wa chini kabisa, wale wa makaa ya mawe, taa ya mafuta ilikuwa imeanza kufifia, nami nikauliza kama tumalize kesho.

"La, mjukuu wangu," alisema. "Ongeza mafuta. Washuke wote."