Nilivyoandika wosia upya baada ya ule wa 2011

Wosia wangu wa kwanza niliuandika mwaka 2011, mirathi ya marehemu mume wangu ilipokwisha na nyumba ya Igombe, hapa Mwanza, kuingia kwenye jina langu. Nilikuwa na mtumbwi mmoja na injini yake, nyavu za dagaa na karabai. Nilipousoma tena mwaka 2023, mtumbwi ule ulikuwa umeoza zamani, karabai tumeziacha tunatumia taa za sola, na kiwanja cha Buswelu nilichonunua kwa faida ya dagaa hakikuwemo. Kaka yangu mkubwa, niliyemteua kuwa msimamizi wa mirathi yangu, alishatangulia mbele za haki.

Kilichonisukuma hasa ni mjukuu ninayemlea. Mama yake yupo hai, kwa hiyo bila kumtaja mtoto kwenye wosia, chochote kingekwenda kwa mama. Mimi nataka kiwanja kiwe chake.

Niliwaita watoto nikawaeleza. Kijana wangu mkubwa akashtuka: "Mama, unaumwa? Mbona unajichulia?" Nikamwambia, "Siumwi, baba. Nataka mjue kila kitu kilipo nikiwa nasema kwa mdomo wangu." Nimeuza dagaa Mwaloni Kirumba miaka mingi. Nimeona wajane wakinyang'anywa na mashemeji mitumbwi waliyochangia kuinunua, kisa hakuna karatasi. Inaniuma mpaka leo.

Kilichotusumbua zaidi ni majina. Binti yangu mmoja, jina la cheti cha kuzaliwa na la kitambulisho cha NIDA hayalingani. Wakili akaandaa hati ya kiapo kuonyesha kwamba ni mtu yuleyule, tukaiambatanisha pamoja na mkataba wa mauziano ya kiwanja wenye muhuri wa serikali ya mtaa.

Nilidhamiria kuongeza mistari kwa kalamu kwenye karatasi ya zamani, wakili akakataa. Tumeandika mpya, na unaanza hivi: "Huu ndio wosia wangu wa mwisho, na unafuta wosia wowote nilioutoa kabla yake." Kwenye mali ya ziwani hatukutaja mtumbwi kwa jina wala injini kwa namba. Tuliandika "vyombo vyote vya uvuvi nitakavyokuwa navyo siku ya kufa kwangu," maana mbao huoza na injini huuzwa. Kifungu hicho nakipenda kuliko vyote.

Mashahidi ni baba mdogo, kwa upande wa ukoo, na jirani yangu. Wote wanasoma na kuandika, na hakuna kati yao anayerithi. Kanuni za sheria ya kimila za 1963 zinataka hivyo kwa mwenye wosia anayejua kusoma na kuandika. Asiyejua anahitaji mashahidi wanne. Mimi mambo yangu yanakwenda kimila. Muislamu asiige wosia wangu, kwao wosia hauvuki theluthi ya mali, na warithi wana mafungu yao.

Wosia wa zamani niliuchana mbele ya mashahidi. Mpya nimeuhifadhi RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia, na binti yangu wa pili, msimamizi wa sasa, anajua ulipo. Anajua pia kwamba kutajwa kwenye wosia hakutoshi, lazima mahakama imthibitishe ndipo aguse mali.

Kwenye SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo, fomu yangu ya mrithi ilikuwa bado na jina la marehemu kaka. Nilijaza nyingine palepale. Kikoba, kile kikundi kidogo cha kuweka na kukopa, nacho kina daftari lake, nikabadilisha humo pia.

Sasa kila mwaka nikishalipia leseni ya uvuvi, jioni yake natoa nakala ya wosia naisoma mwanzo hadi mwisho na binti yangu. Kama hakuna kilichobadilika, tunairudisha kwenye bahasha.

Mdogo wangu wa Ukerewe ameniomba nimsindikize kwa wakili pamoja na shemeji. Shemeji ana mitumbwi, ana shamba, na wosia wake aliuandika kabla hajaoa mke wa pili. Nimewaambia waje na vyeti vya watoto wote, wa nyumba zote mbili.